Mipira iliyotumika: vijana wanaokusanya vifaa vya michezo kwa ajili ya watoto

Kuna kazi moja ya huruma ambayo mara nyingi huanzishwa na vijana, si na wazee: kukusanya mipira, viatu, jezi na vifaa vingine vya michezo ambavyo wenyewe hawavitumii tena, na kuvifikisha kwa watoto wasio na cha kuchezea. Wengine huicheka. Wanasema mtoto mwenye njaa anahitaji unga kwanza, mpira utafuata. Neno hilo lina uzito, hasa kwetu tunaoishi karibu na makambi ya watu waliokimbia vita. Lakini si jipya. Lilisemwa juu ya kijana mmoja zaidi ya miaka 30 iliyopita, na yaliyofuata yanafaa kujulikana na kila komite ya vijana inayofikiria kuanza kazi ya namna hii.

Kijana huyo ni Johann Olav Koss wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1968, bingwa wa mbio za kuteleza juu ya barafu. (Sisi wa Kivu mchezo huo tunaujua kwa picha tu.) Mwaka 1993 alitembelea Eritrea kama balozi wa Olympic Aid, mradi wa misaada uliozaliwa wakati mji wa Lillehammer ulipokuwa ukijitayarisha kupokea Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Mradi huo ulianza kwa ajili ya watu wa Sarajevo, mji uliokuwa umepokea michezo hiyohiyo mwaka 1984 na ambao sasa ulikuwa umezingirwa na vita. Eritrea nayo ilikuwa imetoka katika vita vya miaka 30, ikapata uhuru wake Mei 1993.

Huko Koss aliona watoto wakicheza, na katikati yao mvulana mmoja aliyependwa kuliko wote. Alipouliza sababu, aligundua kwamba ni shati. Mvulana yule alikuwa na shati la mikono mirefu. Alilivua, akalikunja, akalifunga kwa mikono yake, nalo likawa mpira. Shati la mikono mifupi haliwezi kufungwa hivyo. Watoto wetu wanaofunga mifuko ya plastiki na majani makavu ya migomba kwa kamba wangemwelewa mara moja. Koss aliahidi kurudi na mpira wa kweli.

Februari 1994, huko Lillehammer, alishinda medali tatu za dhahabu, katika mita 1500, 5000 na 10,000, na kila mara akavunja rekodi ya dunia. Alikuwa na miaka 25. Zawadi ya fedha aliyopewa kwa ushindi wa mita 1500 aliitoa yote kwa Olympic Aid, akawaomba wananchi wenzake watoe pia. Kisha akawageukia watoto wa Norway, akawaomba walete vifaa vyao vya michezo. Watoto walileta mipira mingi na vitu vingine vingi, hata mzigo ukafika tani 12 hivi, ukapakiwa katika ndege kwenda Eritrea.

Hapo ndipo lawama ilipoanza. Magazeti ya kwao yaliuliza ni akili gani kupeleka mipira kwa watu wanaokosa chakula. Koss mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba maneno hayo yalimwingia, akafika kwa rais Isaias Afwerki akiwa na aibu. Rais akamjibu kwamba hawajapata zawadi kubwa kuliko hiyo, kwa maana kwa mara ya kwanza walihesabiwa kuwa watu, si viumbe wa kulishwa tu wasife. Kiongozi huyo hatumtaji kama mfano: tangu uhuru nchi yake haijafanya uchaguzi wa taifa, na vijana wake wengi wameikimbia. Lakini katika jambo hili alisema kweli.

Unga ni lazima, hakuna anayebisha. Ila anayepeleka unga peke yake kwa miezi na miaka, humfundisha mtoto kwamba yeye ni tumbo. Mataifa yalikwisha kuliona hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto, uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989, unataja mchezo na mapumziko katika kifungu cha 31, na nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, iliuridhia mwaka 1990.

Mimi naona somo kubwa zaidi katika yale yaliyotokea baada ya ndege ile. Mzigo wa mipira huisha. Mwaka 2000 Olympic Aid iligeuka kuwa shirika linalofanya kazi lenyewe kati ya watoto. Mwaka 2001 lilianza katika makambi ya wakimbizi ya Angola na Côte d'Ivoire, na baadaye likaitwa Right To Play, makao yake yakiwa Toronto, Kanada. Limefanya kazi pia kwa jirani zetu wa Burundi, Rwanda, Uganda na Tanzania. Kazi yake kubwa haikuwa tena kusafirisha vifaa, bali kuwafundisha vijana na walimu wa mahali wawe makocha wanaobaki na watoto. Mpira wake mwekundu una maandishi yanayomwambia mtoto ajitunze na amtunze mwenzake.

Mfano mwingine uko Marekani. Max Levitt, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Syracuse, alikuwa akitunza vifaa vya timu ya mpira wa Kimarekani. Aliona vitu vizima vikitupwa kwa sababu tu vipya vimefika. Mwaka 2013, angali kijana, alianzisha Leveling the Playing Field katika jimbo la Maryland. Katika nchi ile tajiri kuna watoto wasiocheza kwa sababu wazazi hawawezi kununua glavu, viatu na kofia ngumu. Watu huleta vifaa, wenye kujitolea huvichambua katika depo, kisha vinapewa shule na vikundi vinavyohudumia watoto wa familia maskini.

Hapo kwenye kuchambua ndipo kazi nyingi za namna hii hufa. Mtu anapenda kutoa kile kinachomsumbua nyumbani: kiatu kimoja bila mwenzake, jezi iliyopasuka. Komite isiyo na ujasiri wa kusema hapana itajaza depo takataka, kisha italipia kamyo ya kuzisafirisha. Ukubwa wa mpira nao uangaliwe. Namba 5, wenye mzunguko wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, ni wa vijana wa kuanzia miaka 12. Watoto wa miaka 8 hadi 12 hupewa namba 4, na wadogo zaidi namba 3.

Tena kuna uwanja. Katika mitaa ya Goma iliyofunikwa na mawe ya volkano ya Nyiragongo, ya mwaka 2002 na ya mwaka 2021, mpira wa kawaida unaweza kupasuka siku ileile unapotolewa. Tatizo hili lilimgusa Mmarekani Tim Jahnigen, aliyeona katika televisheni watoto wa Darfur wakipiga furushi la takataka. Alibuni mpira wa povu gumu usiohitaji pampu, ambao ukichomwa na msumari unaendelea kutumika. Mwanamuziki Sting alilipia majaribio ya kwanza, na mpira huo ukatolewa mwaka 2010. Ni mzito kidogo kwa mguu uliozoea ngozi, lakini juu ya mawe yale unadumu.

Kwa vijana wa makanisa yetu, si lazima kungoja ndege ya Ulaya. Katika Bukavu, Beni au Bunia kuna timu na shule zinazobadilisha mipira, na kuna wazazi ambao viatu vya mtoto wao vimekuwa vidogo. Vifaa visigawanywe kwa mtoto mmojammoja: mpira wa mtu peke yake kambini huleta ugomvi kabla ya jioni, na mwenye nguvu ndiye anayebaki nao. Apewe mwalimu au kijana anayejulikana, jina lake liandikwe katika daftari pamoja na hesabu ya mipira, na mtu arudi baada ya mwezi mmoja kuihesabu tena. Siku za wasichana zipangwe tangu mwanzo, la sivyo wavulana watauchukua uwanja wote na hakuna atakayekumbuka kuuliza. Na kila mfuko wa mipira uondoke na pampu moja na sindano zake mbili au tatu, maana sindano ndiyo inayopotea kwanza.