Kabla ya Ukuta Kulikuwa na Kaiyaba

Mpigie simu fundi yeyote wa ua hapa Nairobi na swali lake la kwanza litakuwa futi ngapi. La pili ni unataka nini: mawe, nguzo za zege na waya, mabati, ama ua wa stima. Akishapata hayo mawili anakupigia hesabu palepale kwa simu. Swali ambalo wengi hawaulizi ni kama una uhakika ua utapita wapi. Na huku magharibi mwa mji, kuanzia Kangemi na Kawangware hadi ndani ya Dagoretti, hilo ndilo swali lenye pesa, lenye kesi, na lenye historia ndefu kuliko fensi yenyewe.

Historia hiyo inaanza na mmea. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1899, Wakikuyu wa upande huu walikuwa wakiweka alama kwenye mipaka ya mashamba ya ukoo kwa miti na kwa itoka, mmea wa jamii ya yungiyungi. Jomo Kenyatta anaieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Itoka haimzuii mtu wala mbuzi. Ilipandwa mbele ya wazee, kwa sherehe, na kazi yake ilikuwa kukumbusha kile kilichokubaliwa. (Kiswahili kimetuwekea mzaha hapa: ua wa nyumba na ua la bustani ni neno moja. Kwa itoka, yote mawili ni kweli.)

Walowezi walikuja na mmea wao. Mitaa ya Wazungu kama Kileleshwa na Lavington ilizungushiwa nyua za kaiyaba, kichaka chenye miiba mirefu kama sindano na matunda ya manjano, makali kwa uchachu, ambayo watoto wa Nairobi wamekula kwa vizazi. Jina linatokana na mto Kei wa Afrika Kusini. Ukiangalia picha za zamani za mitaa hiyo, kinachoshangaza ni jinsi nyumba zinavyoonekana wazi kutoka barabarani. Matajiri wa koloni walilala nyuma ya kichaka!

Kwa maoni yangu sababu ni rahisi. Ukuta wao ulikuwa sheria. Tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimika kubeba kipande, na polisi angeweza kumsimamisha popote na kumwuliza anafanya nini hapo. Hati za viwanja nazo ziliwekewa masharti ya kumfungia nje asiye Mzungu. Ukiwa na ua wa namna hiyo huhitaji mawe.

Halafu ikaja miaka ya 1950, na hapa ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi la Uingereza liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya watu walikamatwa, wakachujwa na kupelekwa kambini, nyuma ya seng'enge. Vijijini, zaidi ya watu milioni moja waliondolewa kwenye mashamba yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungukwa na mahandaki, vijiti vilivyochongwa na waya wa miiba. Seng'enge hiyo hatujaachana nayo: waliokuwa katikati ya mji tarehe 25 Juni 2025 waliiona, ya wembe sasa, imetandazwa barabarani kuelekea Bunge.

Lakini wakati uleule serikali ya kikoloni ilikuwa inaleta ua wa aina nyingine. Chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya ardhi vya Wakikuyu vilivyotawanyika vilikusanywa, kila mwenye shamba akapewa sehemu moja, na akaambiwa apande ua wa mimea kwenye mipaka yake. Kwa nini mimea? Kwa sababu ndege ilikuwa inakuja. Wapimaji walikuwa wachache na mashamba mengi, kwa hiyo picha zilipigwa kutoka angani, na mistari ya vichaka iliyoonekana kwenye picha ikachorwa kuwa ramani. Kichaka kikawa hati. Na yote hayo yalifanyika wakati wanaume wengi wako kizuizini. Wapo waliorudi wakakuta ua umeshaota, na hauko walipouacha mpaka wao.

Dagoretti ilikuwa sehemu ya Kiambu wakati huo. Ilipoingizwa Nairobi wakati wa uhuru, ilikuja na ramani zake. Ndiyo maana leo, ukitoka Lavington kwa miguu ukaingia Kawangware, unaweza kuvuka kutoka mfumo mmoja wa mipaka hadi mwingine bila kujua. Upande mmoja kuna mipaka iliyopimwa kwa bikoni, vyuma vilivyozikwa ardhini kwa zege. Upande wa pili kuna mipaka ya jumla, ambayo kisheria ramani yake ni ya makadirio tu. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,500, milimita moja ya wino ni mita mbili na nusu ardhini. Kinachojua mpaka vizuri kuliko ramani ni ule ua.

Sasa fikiria mtu amenunua ploti ya 50 kwa 100 huko. Siku ya kwanza analeta tingatinga, anang'oa kaiyaba kwa sababu anataka ukuta msafi. Ua mkongwe unaweza kuwa na unene wa mita moja na nusu. Zidisha kwa futi 100, yaani mita 30 hivi: ni mita 45 za mraba. Hizo ni bedsita mbili, pengine tatu. Nani anazichukua? Jirani akirudi jioni akute msingi umeshamwagwa, hapo hamtazungumza tena kwa miaka.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na uporaji uliofuata, na wizi wa miaka ya tisini, kuta za mji zilipanda, zikavikwa vipande vya chupa, kisha waya wa stima. Bomu la Agosti 7, 1998 liliua watu 213, na ubalozi wa Marekani uliokuwa kando kabisa ya barabara ya Haile Selassie ukahamia Gigiri, mbali na barabara. Siwalaumu wanaojenga kuta. Ninachosema ni kwamba ukuta unafuta ushahidi.

Kwa hiyo kabla ya fundi, tafuta sorveya aliyesajiliwa, na jirani awepo kamba ikivutwa. Using'oe ua wa zamani kabla mstari mpya haujakubaliwa na kupigwa picha. Ukishafika kwa fundi, usiangalie picha za simu yake. Mwambie akupeleke kwenye ua aliojenga misimu mitatu ya mvua iliyopita. Mlipe kwa hatua, msingi kwanza. Udongo mwekundu wa huku hushika msingi vizuri, tofauti na ule mweusi wa Syokimau unaovimba na kupasua kuta, lakini huku ni miteremko mitupu, na ukuta usioachiwa matundu ya maji husukumwa hadi uanguke. Nguzo za mbao zisizotiwa dawa ni chakula cha mchwa. Mimi ningeweka nguzo za zege, waya, na kaiyaba ndani yake, kisha ningevumilia miaka michache ioteane.

Mkigombana hata hivyo, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema mahakama haisikilizi kesi ya mpaka wa jumla kabla msajili wa ardhi hajauamua. Kinachotafutwa hapo ni vitu vya kale: shina la kichaka, jiwe, mti. Kisha wanaulizwa wazee wanaokumbuka ua ulipita wapi. Aliyeupanda akiwa na miaka 20 mwishoni mwa miaka ya 1950 sasa anakaribia 90.