Sadaka na Riziki Yake: Wafanyabiashara na Jamii, Kutoka Zanzibar hadi Kibera

Mwaka 1887 Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Zanzibar, aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini mbele ya bahari, Mji Mkongwe. Akafariki 1891 kabla ya jengo kwisha, na mjane wake akaliendeleza hadi 1894. Lilitoka zuri kuliko mengi ya pwani, roshani zake za mbao zimechongwa kama kanga, ila hospitali iliyokusudiwa haikupata kusimama. Mwaka 1900 jengo likauzwa. Mnunuzi akaweka zahanati chini, na ghorofa za juu akazigawa makazi. Katika miaka ya 1990 shirika la Aga Khan la utamaduni lilikuja kulikarabati, na hadi leo watu huliita Zahanati ya Zamani.

Huwa tunaambiwa kwamba kampuni kusaidia jamii ni jambo la karne hii, lililokuja na nembo na mashati ya rangi. Pwani yetu inakanusha. Mwungwana wa Lamu au Mombasa akitaka msikiti au kisima chake kidumu, aliweka wakfu duka, nyumba au shamba la minazi, na kodi yake ndiyo iliyonunua mafuta ya taa, ikamlipa fundi, ikamtunza mwadhini. Sadaka ilikuja na riziki yake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha kila zawadi ya mfanyabiashara iliyotolewa baadaye: ilipotolewa, nani aliachiwa kuitunza, na kwa fedha gani?

Sewa Haji Paroo, aliyetajirika kwa kuandaa misafara ya bara kutoka Bagamoyo, aliipima zawadi yake vizuri. Kabla ya kifo chake mwaka 1897 alitoa mali kwa shule na hospitali. Hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake iliingia mikononi mwa serikali, na leo Hospitali ya Muhimbili bado ina jengo la wodi liitwalo Sewahaji. Nairobi nayo ina Bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa A. M. Jeevanjee, mkandarasi wa reli, mwaka 1906. Mwaka 1991 halmashauri ya jiji ilipotaka kuigeuza maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel na wakazi wengi walisimama kidete, bustani ikapona. Iliokolewa na watu walioihesabu kuwa yao.

Katanga, huko Kongo, ilichukua njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière iliamua kuwaweka wachimbaji mjini pamoja na familia zao, na kwa hiyo ikajenga nyumba, shule, hospitali, hata ikagawa posho ya unga. Baada ya 1967 Gécamines ikarithi mzigo huo. Mzee wa Lubumbashi atakwambia kampuni ilikuwa baba na mama. Ilipoporomoka katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika, na shule na dawa zikaenda nayo, maana hakuna mwingine aliyewahi kuandaliwa kuzishika.

Kenya haikuwa na kampuni moja ya namna hiyo kwa jiji zima. Ilikuwa na harambee, na baadaye wakfu za kampuni: Safaricom ilianzisha wake 2003, KCB 2007, Equity 2008. Mpango wa Wings to Fly, ulioanza 2010 kwa ushirikiano wa Equity na Mastercard Foundation, umewasomesha sekondari maelfu ya watoto werevu wa familia zisizo na uwezo. Siudharau hata kidogo. Lakini ufadhili wa masomo humchukua mtoto ukampeleka bweni, na shule ya msingi aliyoiacha inabaki na madawati yale yale.

Kwa nini basi kampuni hazijengi kwenye mitaa maskini ya Nairobi? Jibu liko kwenye ardhi. Kibera ilitengewa askari wa Kinubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya ekari 4,000 za msitu. Baada ya uhuru ikahesabiwa ardhi ya serikali, na karibu kila aliyejenga pale amejenga bila hati. Mhasibu wa kampuni hawezi kuidhinisha jengo la mawe mahali ambapo tingatinga linaweza kufika kesho. Zawadi zinazokuja ni zile zinazobebeka: madaftari, sodo, tangi jeusi la maji lenye nembo ubavuni.

Kwenye mtaa wa Kawangware kizuizi kimegeuka. Yalikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, na kila ploti ina mwenyewe. Shuka matatu kwenye kituo kiitwacho Kongo uangalie: vyumba vya mabati na ghorofa za kupangisha vimebanana, na mwenye ploti anahesabu kodi ya kila futi. Mfadhili hana pa kusimama, kwa hiyo hubisha hodi kwenye ua wa shule ya serikali au wa kanisa.

Hata kinachosimamishwa hupungukiwa mtunzaji: tazama taa ndefu ambazo wakazi wa mitaa hii wanaziita mulika mwizi. Zimewapa mama mboga na wauza samaki saa kadhaa zaidi za kuuza jioni, na wanawake wanaorudi kazini usiku wamezishukuru. Balbu ikiungua, hata hivyo, hakuna kijana wa mtaa awezaye kuipandia. Inangoja lori la kreni na bajeti ya kaunti, na giza linarudi pale pale.

Maji yamefundisha zaidi. Mabomba ya plastiki ya Kibera hupita ndani ya mitaro ya maji machafu, na yakipasuka uchafu huingia. SHOFCO, shirika lililoanzishwa na Kennedy Odede, mwenyeji wa Kibera, mwaka 2004, liliyainua mabomba juu ya nguzo, yakapita juu ya mapaa ambako kila mtu anayaona na si rahisi kuyakata. Kwenye kioski cha maji kinachoendeshwa vizuri utamkuta mama wa kikundi ameshika ufunguo wa koki na daftari. Anapokea sarafu kwa kila mtungi wa lita 20, na sehemu ya sarafu hizo hununua koki mpya ile ya zamani ikichakaa. Huo ni wakfu wa Lamu umerudi, na tangi la kampuni likiwekwa mikononi mwa kikundi kama hicho haliozi.

Serikali kadhaa zimeanza kuzilazimisha kampuni kutoa. India, kwa sheria ya mwaka 2013, inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya faida kwa jamii. Kanuni ya madini ya Kongo ya 2018 inadai asilimia 0.3 ya mauzo. Kenya haina asilimia ya lazima kwa kampuni zote, nami naona kiwango kina uzito mdogo kuliko mkataba unaotaja atakayelipa matengenezo baada ya utepe kukatwa.

Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera, wazao wa askari wale, walikabidhiwa hati ya pamoja ya ekari 288. Wanaweza sasa kukaa mezani na mfadhili kama wenye ardhi, wakaandikiana masharti ya miaka mingi. Gatwekera, Lindi, Soweto na vijiji vingine vya Kibera bado havina karatasi hiyo.