KUUZA VYOMBO VYA NDANI: MACHO YA JIRANI YAKO WAPI?

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi kumjulia hali dada yangu. Tukiwa barazani tunakunywa chai, mpwa wangu aliinuka, akaingia ndani, akapiga picha friji dogo lililokuwa limesimama pembeni bila kazi tangu waliponunua jingine. Akarudi, akabonyeza simu yake mara mbili tatu, akaendelea kunywa chai.

Haikupita saa moja akawa amepata mnunuzi. Mtu huyo yuko Kilosa. Wakaandikiana, wakapatana bei, na muda si mrefu simu ikatoa mlio kwamba fedha zimeingia. Kesho yake asubuhi friji likafungwa kwa kamba, likapandishwa kwenye gari, likaondoka. Muuzaji na mnunuzi hawajapata kuonana mpaka leo.

"Mjomba," aliniambia huku akicheka, "siku hizi hela imo humu humu ndani ya nyumba. Ni kutazama tu kona ipi imelala."

Nami nilicheka. Lakini nilipokuwa njiani narudi nilikumbuka redio ya marehemu baba yangu, na kicheko kikanikauka.

Mwaka 1996 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Ilikuwa furaha kubwa nyumbani kwetu Kilosa, lakini furaha ile ilitukuta pabaya. Baba alikuwa amepunguzwa kazi katika shamba moja la mkonge, na haki zake alikuwa akizifuatilia bila mafanikio. Karo ilitakiwa, sare zilitakiwa, na godoro la bweni lilitakiwa. Ndani hamkuwa na kitu cha thamani ila redio ya National ya bendi tatu, ambayo jioni majirani walikuja kusikilizia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam.

Baba aliifuta vumbi, akaifunga ndani ya kanga ya mama, akaenda nayo gulioni. Hakuipeleka usiku wala kwa siri. Alipita kwanza kwa mjumbe wa nyumba kumi, akamwomba aende naye. Mnunuzi akapatikana, mwalimu mmoja wa Kimamba. Wakakaa juu ya magunia, mjumbe akatoa daftari la shule na kuandika: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, aina ya redio, namba iliyogongwa nyuma yake, bei shilingi 12,000, tarehe, na majina ya mashahidi wawili. Asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Karatasi moja ikachanwa akapewa mwalimu.

Niliona aibu siku ile, sitaficha. Katika mji wetu ilikuwa ukisikia mtu kauza vyombo vya ndani, basi ujue nyumba hiyo imefika mwisho. Watu waliisema kwa sauti ya chini, kama wanavyosema habari za msiba. Nilitamani baba angeiuza redio ile kizani, ili mtu yeyote asituone.

Miezi michache baadaye duka moja lilivunjwa, zikaibwa redio, na askari wakapita Kimamba wakikagua nyumba hadi nyumba. Kwa mwalimu wakakuta redio. Wakauliza swali ambalo kila Mtanzania wa rika la baba yangu alilijua kwa moyo: "Hii umeitoa wapi?" Mwalimu akatoa karatasi. Namba ikalinganishwa, ikaonekana ni ile ile. Askari wakaaga, wakaenda zao.

Swali lile la askari lina historia yake, na vijana wa leo wanaouza kwa simu ni vizuri waijue.

Biashara ya kitu kilichokwisha kutumika si ngeni katika bonde la Mkondoa. Misafara ya kutoka pwani ilipita humo kwenda bara. Stanley alipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Kisha likaja reli la Wajerumani, lililoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, likafika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, Kilosa ikiwa katikati. Pamoja na reli yakaja mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba, na watu wa makabila mengi wakifuata vibarua. Mji wa reli na mkonge ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka, na anayeondoka hawezi kubeba kabati kichwani.

Hata maneno yetu yanaeleza jinsi mauzo ya aina hiyo yalivyofanywa. Mnada ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kuita kwa sauti, kunadi. Dalali naye asili yake ni mtu anayeonyesha, anayeelekeza. Na gulio letu la bara lina undugu na kugula, ambako katika lugha kadhaa za Kibantu ni kununua. Utaona basi kwamba kuuza kulikuwa ni kuita watu na kuonyesha kitu. Tangu mwanzo mauzo yalihitaji watu wasiohusika nayo, wawepo tu, wasikie na waone.

Baada ya uhuru macho hayo yalipewa cheo. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi kumi, ambao wengi tuliwaita wajumbe. Mjumbe alijua nani amelala kwa nani, nani amepata mgeni, na nani jana hakuwa na baiskeli na leo anayo. Wako waliomwona kuwa ni mpelelezi. Lakini masikini aliyetaka kuuza cherehani yake halali alikuwa na mtu wa kumsemea.

Ndipo ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 maduka yalikauka. Sabuni, sukari, unga na nguo vilipangiwa foleni. Mwaka 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzisha msako mkali wa wahujumu uchumi, ikatungwa sheria maalumu na kuundwa mahakama yake. Wakubwa wetu wanasimulia hadi leo jinsi watu walivyotupa mali usiku mitoni na vichakani kwa kuhofia kuulizwa wamezitoa wapi. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, lakini nimekulia katika nyumba ambayo stakabadhi ya sufuria iliwekwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati ule mwenye mali naye aliweza kupotea pamoja nayo.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza kamba, ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa wamezipataje. Mwaka uliofuata akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimpa jina la Mzee Ruksa. Mitumba ikafurika. Kitu cha mtumba kikaacha kuwa cha kuonewa haya, kikawa ndicho kinachovaliwa Sikukuu.

Lakini ruksa hiyo ilikuja na upande wa pili. Mashirika ya umma yalipunguza watu, na mkonge, uliotupatia zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964, ulikuwa umeporomoka hadi kama tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Kamba za nailoni zilikuwa zimeushinda sokoni, na mashamba mengi yalikuwa yamegeuka pori. Kwa watu wa Kilosa na Kimamba hesabu hizo zilikuwa ni vitanda, baiskeli na redio zilizotoka ndani na kupangwa barabarani. Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Simu ya mkononi iliingia nchini mwaka 1994, ikiwa kitu cha matajiri wa Dar es Salaam. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam kupitia baharini, intaneti ikaanza kuwa nafuu. Zikaja tovuti za matangazo kama ZoomTanzania na Kupatana. Duka kubwa la mtandaoni la Jumia lilikuja, likafunga shughuli zake nchini mwaka 2019. Lakini magrupu ya WhatsApp, ambayo hayana ofisi, bango wala karani, hayakufunga. Humo ndimo mpwa wangu alimouzia friji.

Mwenzangu, sitasema kwamba mambo haya ni mabaya. Mjane wa Kilosa mwenye kabati la marehemu mumewe hana tena haja ya kulipa mkokoteni, kukaa juani gulioni na kupewa bei ya huruma na mchuuzi anayeona jinsi alivyobanwa. Atalipiga picha, na watu wa Mikumi, Morogoro na Ifakara watalishindania. Zaidi ya hayo, hakuna atakayemnong'ona. Ile aibu iliyonichoma mimi mwaka 1996, mpwa wangu haijui kabisa. Kwake kuuza friji ni akili, na pengine yeye ndiye mwenye haki.

Lakini nililotambua njiani ni hili. Macho yaliyotuaibisha gulioni ndiyo yale yale yaliyomwokoa mwalimu wa Kimamba. Jirani aliyetuona tukiuza redio alitusengenya jioni, na jirani huyo huyo alikuwa tayari kusimama mbele ya askari na kusema, "Hii ni ya fulani, naijua, nimeisikiliza miaka kumi." Simu imetuondolea wote wawili kwa mkupuo mmoja, msengenyaji na shahidi.

Nasema haya kwa kuwa yalinikuta. Miaka michache iliyopita nilinunua simu iliyotumika kutoka kwa mtu niliyempata mtandaoni. Bei ilikuwa nzuri, na wahenga walishatuonya kwamba rahisi ni ghali. Tulikutana stendi, tukapeana, tukaachana. Baada ya wiki tatu niliitwa kituo cha polisi, kwani simu ile ilikuwa ya wizi. Niliulizwa swali lile lile: "Hii umeitoa wapi?" Nikawa sina karatasi. Sikujua jina la pili la muuzaji, na namba yake ilikuwa haipatikani. Nilikwenda na kurudi siku nne, nikaachia simu, nikashukuru Mungu kwamba meseji zetu za kupatana bei sikuwa nimezifuta. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu kupokea mali ya wizi kuwa ni kosa, na waswahili walikwisha sema mkamatwa na ngozi ndiye mwizi. Mimi, mtoto wa mtu aliyeandikishiana redio mbele ya mjumbe, nilikamatwa na ngozi.

Serikali haikukaa kimya. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwaka 2016 simu bandia zilizimwa. Mwaka 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole. Hata hivyo, sheria hufika baada ya mtu kuibiwa, wakati daftari la mjumbe lilikuwapo kabla.

Je, turudi kwa mjumbe? La hasha. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992 mjumbe wa nyumba kumi ni mtu wa chama, na si kila mmoja ana chama hicho. Lakini kazi aliyoifanya inaweza kufanywa na yeyote. Unapouza friji, andika mistari mitano: majina kamili, namba ya kitambulisho, aina ya chombo na namba yake, bei na tarehe. Tia saini, piga picha, mtumie mwenzako. Kama ni simu, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, uandike namba itakayotokea. Kama ni kitu kikubwa, mwenyekiti wa kitongoji yupo. Na fedha zako zisiende kabla macho ya mtu unayemwamini hayajakiona hicho unachokinunua. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu tu gunia limepigwa picha nzuri.

Nilimpigia mpwa wangu, nikamwuliza kama alimwandikia yule mtu wa Kilosa chochote.

"Mjomba, si kuna meseji ya muamala?"

Nikamwambia meseji ile inasema fedha zimetoka kwa nani kwenda kwa nani. Haisemi ni za nini. Haisemi friji lina namba gani, wala kwamba lilikuwa la mama yake, na kwamba lilinunuliwa kwa fedha za mpunga.

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza babu yake alikuwa akiandika vipi.

Daftari lile lingekuwapo ningemwonyesha, lakini lilichukuliwa na maji ya Mkondoa katika mafuriko ya mwaka 2010, pamoja na vingi vya majirani zetu. Nilimsomea kwa kichwa, neno kwa neno, naye akaandika. Jioni alinitumia picha: karatasi moja, majina mawili, namba ya friji, na saini ya dada yangu akiwa shahidi. Nakala, aliniambia, imekwisha kwenda Kilosa.