Fahamu Bismarkia: Namna ya Kuutambua, Kuuotesha na Kuutunza

Bismarkia ni mti wa mapambo wa jamii ya mitende, unaojulikana kwa majani makubwa yenye umbo la pepeo na rangi ya kijivu inayokaribia fedha. Asili yake ni nyanda za nyasi za Madagaska, hususan magharibi na kaskazini mwa kisiwa hicho. Jina lake la kisayansi, Bismarckia nobilis, lilitolewa mwaka 1881 kwa heshima ya Otto von Bismarck, Kansela wa kwanza wa Dola ya Ujerumani. Wenyeji wa Madagaska huezekea nyumba kwa majani yake. Katika nchi nyingine za joto hupandwa kupamba bustani, hoteli na kando ya barabara.

Namna ya kuutambua

Kwa kuwa mkoma na mvumo nao wana majani ya umbo hilo, ni rahisi kuichanganya miti hii. Shina la mkoma mara nyingi hugawanyika, na vikonyo vya majani yake vina miiba myeusi iliyopinda. Mvumo uliokomaa huwa na shina lililovimba sehemu ya juu, na matunda makubwa ambayo kwa kawaida huwa na mbegu tatu. Bismarkia una shina moja lisilogawanyika, nta nyeupe juu ya majani na vikonyo, na matunda madogo ya kahawia yenye mbegu moja. Rangi pekee haitoshi kuwa kigezo, kwani ipo pia bismarkia yenye majani ya kijani.

Kuotesha na kupanda

Mti huu huzaliana kwa mbegu. Mbegu hulowekwa kwa siku chache, kisha hupandwa katika udongo usiotuamisha maji. Inapoota, chipukizi hushuka kwanza chini kabla ya jani la kwanza kuonekana. Hivyo kiriba kifupi huukunja mzizi na kuudhoofisha mche. Inashauriwa kutumia chombo kirefu, au kupanda mbegu moja kwa moja mahali pa kudumu.

Kosa linalowagharimu wengi ni kung’oa na kuhamisha mche mchanga uliokwisha kushika ardhini. Mizizi ikikatwa kabla shina halijachomoza juu ya ardhi, mche hufa kwa urahisi, hata ukimwagiliwa kila siku. Mche wa kwenye kiriba uhamishwe pamoja na udongo wake wote.

Matunzo

Bismarkia hupenda jua kamili na huvumilia ukame ukishashika. Jani moja huweza kufikia upana wa mita tatu. Kwa hiyo haufai kupandwa karibu na ukuta, njia nyembamba au chini ya nyaya za umeme. Miti ya kiume na ya kike ni tofauti, na jinsia hujulikana wakati wa kuchanua; anayehitaji mbegu hana budi kuwa na yote miwili jirani.

Kwa Tanzania, anayekusudia kuingiza mbegu au miche kutoka nje anapaswa kupata kwanza kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ili kuzuia wadudu na magonjwa yanayoweza kuidhuru minazi na michikichi ya wakulima.