Njia Nyembamba ya Mgongoni

Maradhi ya mgongo si ya zama hizi. Hati moja ya mafunjo, iliyoandikwa Misri yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, yataja mtu aliyeteguka pingili ya shingo akapooza. Mganga aagizwa aseme kwamba hilo ni gonjwa lisilotibika.

Kuna maumivu mengine yaanzayo kiunoni yakashuka pajani hata unyayoni. Kwa karne nyingi chanzo chake hakikujulikana. Baina ya pingili mbili pana kisahani cha gegedu, kigumu nje na laini ndani, kiizuiacho mifupa isigongane. Kikipasuka, sehemu ya ndani hutokeza ikaubana mshipa wa fahamu. Wapasuaji waliouona uvimbe huo waliudhania kuwa ni tezi. Mwaka 1934, huko Boston, Marekani, madaktari Mixter na Barr walieleza kwamba ni kisahani kilichopasuka, na kwamba kukiondoa kipande kile humpa mgonjwa nafuu.

Basi adui akajulikana, lakini njia ya kumfikia ilikuwa kali: ngozi ichanwe, misuli ibanduliwe, mfupa ukatwe. Mgonjwa aliponywa ugonjwa, akaachiwa jeraha. Wataalamu wakajiuliza, je, hapana njia nyingine? Katika miaka ya 1960, Lyman Smith alijaribu kukiyeyusha kisahani kwa dawa iliyotokana na utomvu wa papai. Wengi walipata nafuu, lakini wengine walidhurika, na hatimaye dawa hiyo ikaachwa.

Mwaka 1975, Hijikata wa Japani alieleza jinsi ya kupitisha mrija mwembamba hata kisahanini, akiongozwa na picha za eksirei. Kambin, aliyefanya kazi Philadelphia, alionyesha uwazi wa pembetatu kando ya mshipa wa fahamu, ambamo chombo chaweza kupita kwa salama. Uwazi huo hata leo waitwa kwa jina lake.

Lakini mrija peke yake ni kipofu, ulihitaji jicho. Tangu mwaka 1806 Bozzini, daktari wa Ujerumani, alikuwa amekwisha kubuni chombo cha kutazamia ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa. Baadaye Hopkins, mtaalamu wa Uingereza, alitengeneza lenzi zilizoleta picha safi. Ilipofika miaka ya 1990, jicho na mrija vilikuwa vimekutana. Leo mpasuaji aweza kuutoa mshipa katika mbano kupitia tundu la sentimita moja hivi, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile au ya pili yake.

Hata hivyo, wengi wenye maumivu haya hupona kwa majuma machache bila kisu. Lakini miguu ikilegea, au mkojo ukizuilika, mgonjwa asingoje; na apelekwe hospitali mara moja. Twaona, basi, ya kuwa kadiri maarifa yalivyopanuka, ndivyo jeraha lilivyopungua.