Ali na Foreman: Marudiano Yaliyopiganwa kwa Midomo

Kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, pale Makobola ambapo ziwa liko upande mmoja na milima upande wa pili, kuna ubishi wa ngumi wenye umri mkubwa kuliko wengi wanaoubishania. Swali lenyewe ni jepesi: kama George Foreman angepewa marudiano na Muhammad Ali, nani angeshinda? Wazee wanasema Ali, tena mapema zaidi. Vijana waliomtazama Foreman kwenye simu wanakataa: yule bwana siku ile hakuwa yeye, na mtu hahukumiwi kwa siku moja mbaya. Ndagala wanageuzwa juani, pikipiki zinasubiri abiria, na raundi ya nane ya Kinshasa inapigwa upya hewani.

Ubishi huu haufi kwa sababu marudiano yenyewe hayakufanyika kamwe. Ali alirudiana na Joe Frazier mara mbili, na Ken Norton mara mbili, na Leon Spinks mara moja. Foreman, aliyepoteza ubingwa wa dunia wa uzito wa juu kwa Ali katika ardhi yetu, Kinshasa, mwaka 1974, hakupata hata hiyo mara moja.

Turudi kidogo nyuma, maana wengi wanasimulia mwisho wa kisa bila kujua kilivyoanza. Mwaka 1974 Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, na katika hayo 37 mpinzani hakufika mwisho. Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili. Machi 1974, mjini Caracas, Norton naye hakuvuka raundi ya pili. Hesabu ya mashabiki ikawa rahisi: Frazier na Norton wote wawili walikuwa wamewahi kumshinda Ali, na Foreman amewafagia wote wawili, basi Ali atabaki nini? Alikuwa na miaka 32. Alikuwa amenyang'anywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu. Waandishi kadhaa wa Marekani waliingia Kinshasa wakihofia maisha yake, si ubingwa.

Hesabu hiyo ya A kampiga B, na B kampiga C, ndiyo inayowapoteza mashabiki hadi leo. Ngumi haziendi hivyo. Frazier na Norton walikuwa watu wa kusonga mbele, na mtu anayemsogelea Foreman wa wakati ule alikuwa anajipeleka mwenyewe kwenye konde. Ali alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa.

Pesa zilizowaleta Zaire zilikuwa dola milioni 5 kwa kila mmoja. Promota Don King aliahidi fungu hilo kabla hajajua litatoka wapi, na Rais Mobutu akakubali kulibeba. Alikuwa na sababu zake. Nchi ilikuwa imebadilishiwa jina mwaka 1971, watu wakaambiwa waache majina ya Kizungu, na sasa rais alitaka dunia nzima itamke neno Zaire usiku mmoja. Siku yenyewe ilipofika hakwenda uwanjani. Alitazama kwenye televisheni, kwake.

Huku kwetu, Zaire hiyo ya kwenye mabango haikuwa imefika yote. Katika milima ya Fizi, Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walikuwa na maquis yao, ngome ya msituni, tangu 1967, miaka miwili baada ya Che Guevara na Wakuba wake kuondoka kwa kuvuka ziwa. Yaani wakati serikali inawaonyesha wageni nchi tulivu na mitaa iliyofagiwa, kulikuwa na sehemu ya Fizi ambako afisa wa serikali hiyo hakuthubutu kupanda. Miezi saba baada ya pambano, Mei 1975, watu wa PRP walivuka hadi Gombe, Tanzania, wakawateka wanafunzi watafiti wanne, na ndipo magazeti ya nje yakagundua kwamba huku kuna vita. Sisemi kwamba mpiganaji wa msituni hakumshangilia Ali. Mapenzi kwa Ali hayakuwa ya Mobutu, wala hayakuhitaji kadi ya chama.

Ali aliyapata mapenzi hayo kwa ufundi. Aliweka kambi N'Sele, akawa anakimbia alfajiri huku watoto wakimfuata, anaongea na kila mtu, na wimbo wa "Ali boma ye" (Ali, muue) ukaenea kabla ya siku ya pambano. Foreman alikuja na mbwa wake, aina ya mbwa ambao Wakongo waliwakumbuka wakiwa mikononi mwa polisi wa Wabelgiji. Alikuwa mweusi kama Ali, lakini yule mbwa alimharibia kila kitu. Kijana huyu wa Texas hakuelewa hadi mwisho amewakosea nini watu.

Sasa tuje kwenye hoja za upande wa Foreman, na tuzipime moja moja.

Ya kwanza ni jicho. Pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, tarehe 16, Foreman alichanika juu ya jicho la kulia mazoezini kwa kugongwa na kiwiko cha mwenzake wa kufanyia mazoezi. Tamasha la muziki lililopangwa sambamba na pambano liliendelea bila ngumi: Franco, Tabu Ley, Miriam Makeba na James Brown wakapanda jukwaani, na pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba. Kwa wiki kadhaa Foreman hakuweza kufanya mazoezi ya kupigana kama inavyotakiwa, na aliona kama amefungiwa katika nchi asiyoipenda. Hoja hii ni ya kweli na ina uzito. Anayeitupa hajui maana ya bondia kukaa bila kupigwa wala kupiga, akihesabu siku hotelini.

Ya pili ni kamba. Ali alipigana kwa kuegemea kamba, na kamba zilikuwa zimelegea kiasi kwamba aliweza kulala nyuma hadi konde likapita juu ya uso wake. Kocha wake, Angelo Dundee, alionekana akihangaika na kamba hizo kabla ya pambano. Yeye alisema alikuwa anazikaza kwa sababu joto na unyevu vilizilegeza. Kambi ya Foreman ikasema alizilegeza yeye. Hapa mimi nina swali moja ambalo watetezi wa Foreman hawanijibu. Ali alipoanza kuegemea kamba katika raundi ya pili, Dundee mwenyewe alimpigia kelele atoke pale, akidhani anajiua. Mtu aliyetega mtego hawezi kumfukuza mwindaji wake kutoka penye mtego. Kamba zililegea, sawa. Kwamba zililegezwa kwa ajili ya mbinu ambayo hata kocha hakuijua, hilo siwezi kulimeza.

Ya tatu ni maji. Foreman aliandika katika kitabu cha maisha yake kwamba maji aliyopewa na watu wake mwenyewe kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa. Huko Makobola hoja hii inapendwa sana, na naelewa kwa nini: hatuna mechi ya mpira isiyokuwa na habari ya dawa. Lakini haijawahi kuthibitishwa. Na Foreman mwenyewe baadaye alisema alipigwa na mtu bora kuliko yeye usiku ule, wakawa marafiki wakubwa.

Kilichotokea ulingoni kinaonekana wazi kwenye filamu. Raundi ya kwanza Ali alishambulia kwa mkono wa kulia moja kwa moja, bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia wa daraja lile hufanyiwa kwa nadra na huliona kama dharau. Kisha akarudi kwenye kamba. Foreman akapiga mbavu, akapiga mikono, akapiga mabega. Ali anamvuta shingo kila wanapokumbatiana, anamlazimisha abebe uzito wake, anamwongelesha sikioni. Ilikuwa saa kumi alfajiri, saa iliyochaguliwa ili Wamarekani waliolipia kutazama kwenye kumbi zao waone usiku wa kwao, na hewa ya Kinshasa ilikuwa nzito. Kufikia raundi ya sita makonde ya Foreman yalikuwa yanasukuma tu. Zikiwa zimebaki sekunde chache raundi ya nane kwisha, Ali akajitoa kwenye kamba kwa mfululizo wa ngumi, ya mwisho ya kulia ikatua usoni, na Foreman akazunguka akaenda chini. Ali alikuwa na ngumi nyingine tayari mkononi akamwangalia anavyoanguka, hakuitupa. Mwamuzi Zack Clayton akahesabu. Kadi zote tatu za pointi zilikuwa tayari zimempa Ali uongozi, kwa hiyo wale wanaosema Foreman alikuwa anaongoza hadi alipoangushwa, filamu na kadi zote zinawakana.

Kwa nini basi hawakurudiana? Ali alikuwa na pesa rahisi zaidi kwingine, na Foreman hakurudi upesi. Mwaka 1975 alipigana na watu watano kwa siku moja mjini Toronto, jambo la kuchekesha zaidi kuliko kutisha, na Ali alikuwa pembeni ya ulingo kama mtangazaji akimkejeli. Januari 1976 aliangushwa mara mbili na Ron Lyle, akaamka, akamshinda raundi ya tano. Juni mwaka huohuo alimpiga Frazier tena, raundi ya tano. Marudiano na Ali yalianza kunukia. Ndipo Machi 1977, San Juan, Puerto Rico, akakutana na Jimmy Young.

Young hakuwa na konde la kuogopesha. Alikuwa mjanja, mwenye kuteleza, na mwaka uliotangulia alikuwa amempa Ali usiku mgumu. Foreman alimsumbua katikati ya pambano, akachoka, akaangushwa raundi ya 12, akapoteza kwa pointi. Chumbani baadaye alisema alimwona Mungu. Akaacha ngumi, akawa mhubiri kwa miaka kumi. Aliporudi Ali alikuwa amestaafu na mgonjwa, na Foreman alivaa bukta ileile ya Kinshasa mwaka 1994 alipomwangusha Michael Moorer na kuwa bingwa akiwa na miaka 45.

Wakongo wenyewe tumeshaona jinsi marudiano yanavyokataa kufuata pambano la kwanza. Ilunga Makabu wa Kananga alimsimamisha Thabiso Mchunu wa Afrika Kusini raundi ya 11 mwaka 2015. Waliporudiana Januari 2022, Makabu akiwa bingwa wa WBC wa uzito wa cruiser, wengi walitegemea nokauti nyingine. Alishinda kwa pointi, tena majaji wakigawanyika. Tena wapo mashabiki waliomtaka mdogo wake, Martin Bakole, arudiane na Joseph Parker aliyemsimamisha raundi ya pili mjini Riyadh, Februari 2025. Bakole aliitwa zikiwa zimebaki siku chache, badala ya Daniel Dubois aliyeugua, akapanda na mwili usio tayari. Mjadala wake ni mzuri kuliko wa Foreman kwa kitu kimoja: huu bado unaweza kutokea.

Kwa Ali na Foreman nina jibu langu. Ali alirudiana na kila aliyemshinda mpaka mwaka 1978, Frazier, Norton na Spinks, na wote akawashinda. Katika maisha yake yote ya ulingoni hakupoteza pambano hata moja la marudiano. Alikuwa mtu anayejifunza mpinzani. Foreman, kwa upande wake, alikuwa na tatizo ambalo halikuwa jicho wala kamba wala maji: pumzi. Lilionekana Kinshasa, likaonekana tena San Juan, mbele ya mtu asiye na konde la Ali. Kama wangerudiana mwaka 1975, naweka Ali kwa pointi, raundi zote 15, bila mtu kwenda chini. Mwenye kumtetea Foreman aanze kwanza kunieleza Jimmy Young.