Walipokwenda Kulenga Shabaha

Jumapili jioni huku Mkuyuni watoto hupanga makopo juu ya jiwe na kuyalenga kwa manati. Mawe hayakosekani Mwanza, wala ubishi wa nani kapiga na nani kakosa. Waambie kwamba ulengaji shabaha ulikuwamo kwenye Olimpiki ya kisasa tangu ilipoanza, wataona unawatania. Kwetu Olimpiki ni mbio.

Lakini ndivyo. Athens, Aprili 1896, palikuwa na mashindano matano ya shabaha, ya bunduki na bastola. Ndugu wawili Wamarekani, Sumner na John Paine, inasemekana walibeba risasi 3,500 wakatumia 96 tu. John alishinda kwa bastola ya kijeshi, Sumner akawa wa pili. Shindano lililofuata John akakaa kando, akampisha kaka yake, naye kweli akashinda.

Paris, mwaka 1900, walilengwa njiwa hai. Waliuawa karibu 300, na Mbelgiji Léon de Lunden akaibuka mshindi kwa kuangusha 21. Hapa Mkuyuni hicho kingekuwa kitoweo cha mtaa mzima! Olimpiki haikurudia tena mchezo huo.

Miaka hiyohiyo, huku ziwani, bunduki haikuwa ya kuchezea. Wajerumani walikuwa wameweka boma lao Mwanza mwaka 1892, na mwenye bunduki ndiye aliyeamrisha. Wananchi wengi walibaki na pinde zao. Ndiyo maana sishangai kwamba mchezo huu haukuota mizizi kwetu kama riadha: miguu kila mtu anayo, bunduki ilihitaji kibali cha mkubwa.

Kenya inalionyesha hilo vizuri. Ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne, mwaka 1956, na kwenye timu yake walikuwamo walenga shabaha. Michezo ilifunguliwa Novemba 22. Siku tano baadaye, Novemba 27, mahakama ya Nyeri ilimhukumu kifo Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Nchi ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na kukutwa na silaha bila kibali kulitosha kumpeleka mtu kitanzini.

Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957. Hakushtakiwa kwa kumpiga mtu risasi. Shtaka lilikuwa kwamba alikutwa na bastola.